Wajitolea wa uokoaji mwaloni kwetu: kazi safi, petroli ya kuchangishana

Nauza dagaa, na mzigo wangu hutoka visiwani, Koome na Kalangala, ndani ya Ziwa Victoria. Watu ninaowategemea wako majini kila wiki, kwa hiyo nimeona niwaandikie wengine kuhusu kikundi cha uokoaji kilichopo mwaloni kwetu, yaani hapa boti zinapofikia, upande huu wa Entebbe, Uganda. Ni vijana wavuvi na waendesha boti. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hushinda ufukweni wakiwaangalia wanaoogelea, na asubuhi, kabla upepo haujaamka, hufundisha yeyote anayetaka. Hawalipwi hata shilingi. Mwanangu alipita kwao, kisha nami nikajiandikisha.

Mafunzo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu ni mvuvi wa zamani, mtu mzima asiye na haraka. Siku ya kwanza hakuna anayelowa kupita magoti. Anawasimamisha kando ya maji, anamtuma kijana wake aigize mtu anayezama: hapigi kelele, hapungi mkono, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma chini kana kwamba anapanda ngazi isiyokuwepo. Nimekulia kando ya Nalubaale, ndilo Ziwa Victoria, na hapana mtu aliyewahi kunionyesha hivyo. Sote tulikuwa tukingoja kusikia ukelele.

Baada ya hapo anafundisha utaratibu. Mnyooshee kasia, fimbo au hata leso. Asipofikia, mtupie kitu kinachoelea. Ikishindikana, mfuate kwa boti. Kumfuata kwa kuogelea ni jambo la mwisho, tena ni la aliyefunzwa. “Mama Hawa,” aliniambia nilipouliza vipi kama ni mwanangu, “ukienda mikono mitupu tutazika wawili.” Akanirudisha kwenye kamba nirushe tena.

Kinachorushwa ni dumu. Madumu ya lita tano yenye vifuniko vilivyokazwa, yamefungwa kamba na kutundikwa kwenye nguzo kando ya maji, mtu yeyote ayachukue. Ndani huachwa maji kidogo, maana dumu tupu upepo hulipeperusha. La lita 20 halirushwi mbali, lakini likiwa limefungwa vizuri linamtosha mtu mzima kulikumbatia kichwa kikabaki juu. Afrika Kusini waokoaji wa NSRI, shirika la wajitolea wa uokoaji baharini, walianza mwaka 2017 kutundika maboya ya rangi ya waridi kwenye fukwe kwa nia hiyohiyo, na huku kwetu dumu liko kila nyumba. Aliyewaza hivi ana akili.

Somo la pumzi nalo lifuatilieni kwa makini. Mtu aliyezama amekosa hewa, hivyo akitolewa na hapumui, wanaanza kwa kumpulizia pumzi mdomoni, ndipo wanakandamiza kifua. Mambo ya kumning’iniza miguu juu ili maji yatoke wameyakataza kabisa.

Sasa fedha. Hapa ndipo ninapotaka wenye boti na wenye hoteli wanisome vizuri.

Hesabu zao ni safi, na hilo nalisema kwa sababu nimekaa kwenye vikundi vingi vya akiba. Mweka hazina ni mama muuza samaki asiyepanda boti ya uokoaji, pesa za simu hazitoki bila watu wawili kukubali, na daftari husomwa hadharani mwisho wa mwezi. Watoto husoma bure, watu wazima hulipa ada ndogo, mwenye boti huwalipia vijana wake. Msikiti na kanisa huchangia, na wenye hoteli wachache hutoa wanapojisikia.

Kujisikia huko ndiko tatizo. Jioni moja boti iliyotoka Koome ilichelewa na upepo ulikuwa umeshabadilika. Vijana walikuwa tayari, jaketi za kuelea zimefungwa, boti ya kuazima imeshashushwa. Wakasimama. Hapakuwa na petroli. Mmoja akapiga simu huku, mwingine kule, mpaka muuza duka akakopesha dumu moja. Namshukuru Mungu boti ile ilifika yenyewe, watu wote wazima. Lakini injini ya nguvu farasi 40 ikikimbizwa hunywa zaidi ya lita kumi kwa saa, na lita moja ya petroli ni maelfu ya shilingi. Mvuvi anayelala na njaa siku ambayo hakupata samaki hawezi kutoa usiku wake, mwili wake, na tena mafuta.

Kwingineko hawafanyi hivyo. Uingereza, shirika la boti za uokoaji liitwalo RNLI lilianza mwaka 1824 na hadi leo wengi wa mabaharia wake ni wa kujitolea, lakini boti na mafuta hulipwa na michango ya wananchi na mali ambazo watu huwaachia kwenye wosia. Australia, ambako vilabu vya uokoaji wa fukweni viliungana mwaka 1907, wajitolea hulinda mwisho wa wiki na sikukuu, na siku nyingine halmashauri nyingi huajiri walinzi wa kulipwa; vilabu hupata fedha kwa ada za wanachama, wafadhili na misaada ya serikali. NSRI yenyewe ilizaliwa mwaka 1967 baada ya wavuvi 17 kufa baharini huko Stilbaai. Kote huko mtu hujitolea muda wake na ujasiri wake. Mafuta yana mfuko wake.

Na sisi tumeshazika. Boti ya starehe MV Templar ilipopinduka tarehe 24 Novemba 2018 upande wa Mukono, wavuvi wa karibu walikuwa miongoni mwa waliowatoa watu majini. Polisi wa majini wapo, lakini ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 kwa nchi tatu. Aliye karibu ndiye atakayefika.

Ninachoomba ni hiki: abiria wa visiwani aongezewe shilingi 500 kwenye nauli, na kila ufukwe unaotoza kiingilio utenge sehemu yake, ilipwe kila mwezi kituo cha mafuta moja kwa moja. Mimi nimeanza kulipia dumu langu la mwezi, na wenzangu wa dagaa wamekubali kunifuata.

Mapungufu mengine: jaketi za watoto ni chache mno, na siku za kazi ufukwe hauna mlinzi, ingawa wauza dagaa tunajua kwamba boti nyingi huondoka usiku wa siku hizohizo, wakati dhoruba za ziwani zinapopenda kuja.

Darasa huanza Jumamosi alfajiri. Akina mama, yuko mwalimu wa kike na mnafunzwa pembeni. Njooni na suruali nyepesi na shati la mikono, gomesi, lile gauni letu refu, iacheni nyumbani, ikilowa inavuta mtu chini. Ada analipwa mweka hazina mwenyewe, naye huandika risiti papo hapo.