Nimenunua diwani ya kupona, kurasa za kupona hazimo

Jina la duka silitaji, wala la diwani, yaani hicho kitabu cha mashairi, maana mshairi hana kosa na sitaki apoteze hata msomaji mmoja kwa uzembe wa watu wengine.

Niliagiza Dar, mwezi uliopita hivi. Maduka ninayoyajua hapa Kigoma yanauza vitabu vya shule na vya dini. Mzigo ukaja na basi, nikauchukua stendi ya Masanga, nikaanza kusoma kwenye bajaji kabla hata sijafika Ujiji. Sehemu ya kwanza ni ya binti: kuvunja ungo, kufundwa, kaa vizuri, usicheke hivyo. Ya pili ni ndoa na kuachwa. Humo kuna tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya mwanamke anayefua mashuka baada ya mume kuondoka, kila ubeti shuka moja, mizani (silabi) 16 kila mshororo, na hakuna mahali anapotamka kwamba ana huzuni. Mimi niliachwa. Ile sabuni naijua.

Sehemu hiyo inaishia ukurasa wa 48. Nafunua, nakutana tena na ukurasa wa 33! Ni 33 mpaka 48 kwa mara ya pili, halafu inarukia 65. Kurasa 16 kamili, yaani karatasi kubwa moja inayokunjwa pale kiwandani imewekwa mara mbili, na iliyotakiwa kufuata haipo. Natazama yaliyomo: iliyokosekana ndiyo "Kupona". Kuachwa nimeuziwa mara mbili, kupona sikupewa!

Hilo ningesamehe, mitambo hukosea. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akaniambia, "Sasa dada, si mashairi ya kina mama hayo? Yote machozi tu, soma hayo yaliyopo." Nikamwomba anibadilishie. "Mzigo ukishapanda basi si wetu tena." Akakata.

Machozi tu? Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake, shairi refu la mawaidha, mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake maneno ya kuishi nayo. Mengi aliyosema kuhusu kumtii mume mimi siyakubali, lakini ni mizani nane kila kipande, na kina cha mwisho wa ubeti ni kile kile toka mwanzo hadi mwisho. Jaribu ubeti mmoja tu, kijana, halafu unipigie.

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja. Kisha nikawasomea wenzangu wa kikoba. Mama mmoja anayeuza mawese akasema, "Rudia la mashuka, mwanangu." Nikarudia. Nikaendelea na sehemu ya mwisho, pale mwanamke yule yule anaandikisha kiwanja kwa jina lake, na hapo akaniuliza, "Sasa hapa katikati alifanyaje?" Sina jibu, na ndicho kinachoniuma kuliko hela.

Basi diwani naipa nyota tano. Hapana, nne, kwa sababu aliyeichapisha naye alipaswa kukagua. Duka sifuri, na huyo kijana sijui aliwekwa kwenye simu ya vitabu kwa lipi. Mkinunua, pekueni namba za kurasa kabla ya kutuma hela, na kama mnaagiza kwa basi, mwambieni muuzaji awapigie picha.

Mwenye nakala kamili hapa Kigoma mjini au Ujiji aniazime. Nahitaji kuanzia ukurasa wa 49, nitairudisha.