Kisanduku cha rangi 12 mbele ya kima punju wa Jozani

Kisanduku hiki cha rangi za maji, chenye vidonge 12, brashi moja na daftari dogo la kuchorea, nilikinunua katika duka moja la vifaa vya kuandikia mjini Unguja kwa kazi moja tu: kumchora kima punju, ambaye kwa asili yake hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na vijisiwa vyake. Nimekitumia kwa wiki sita, nikikaa zaidi kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani kwa upande wa kusini, kwa kuwa huko kima na watu hugawana miti ileile.

Kidonge cha kahawia nyekundu, ile inayofanana na udongo wa chungu kilichochomwa, peke yake kinatosha kuhalalisha bei. Mgongo wa kima punju una wekundu wa kutu unaozama polepole kwenye weusi wa mabega na mikono, na kahawia hiyo ikichanganywa na bluu iliyokoza hutoa giza lenye uhai, ambalo kidonge cheusi, kilichopooza kama masizi, hakiwezi kulitoa. Kidonge cheupe nacho ni cha kujazia nafasi, maana weupe wa tumbo na wa nywele zinazouzunguka uso huachwa kwenye karatasi yenyewe tangu mwanzo, na ukishapitisha rangi juu yake umeupoteza.

Brashi ilinifaa kwa wiki mbili, kisha ncha ikaanza kufumuka, jambo linaloudhi hasa unapofika kwenye mkono wa mnyama huyu, ambao hauna kidole gumba cha kuonekana na hushika tawi kwa vidole vinne virefu kama kulabu.

Daftari ndilo lililonikera. Jalada linadai gramu 300 kwa mita ya mraba, lakini karatasi hufanya mawimbi kwa maji ya kwanza tu, na niliporudi dukani nilijibiwa kwamba karatasi ni karatasi. Si kweli: tangu ninunue karatasi ya pamba, rangi zilezile zimetulia. Asubuhi za Jozani zina unyevu mwingi, na tabaka moja huweza kuchukua nusu saa kukauka.

Nusu saa hizo ndizo zilizonikutanisha na mzee mwenye shamba. Punju ni sumu, na wapo waliokuwa wakiamini kwamba mti alioula mnyama huyu hufa. Yeye haamini hayo, ila huhesabu vidaka, zile nazi changa za minazi yake. Kima hula matunda mabichi na majani, kwani tumbo lake lenye vyumba halivumilii sukari ya matunda yaliyoiva, na hufuata hata mkaa, ambao watafiti wanaueleza kuwa humsaidia dhidi ya sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe. Mzee alinionyesha kima walipokuwa wakiokota vipande vya mkaa penye tanuri la zamani, wakivitafuna kwa utulivu wa mtu anayekula karanga. Hakuwafukuza. Anajua kwamba wageni hulipa kuwaona na kwamba sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini, ingawa alisema fedha huja kwa mwaka na kima huja kila siku.

Alipoitazama picha yangu ya kwanza iliyonyooka, aliichunguza kwa muda. "Umempata, mwanangu," alisema, "lakini umemsahaulia kidaka changu mkononi."

Kwa anayeanza, ninapendekeza kisanduku hiki, kwa sharti kwamba daftari lake libaki kuwa la kujaribia michanganyiko na karatasi inunuliwe kando. Kijani chake ni kikali mno kwa kidaka. Nilikipooza kwa tone la ile kahawia, na picha hiyo ya pili mzee akaondoka nayo.