Kichawi Kill dhidi ya kiduha: faida na mipaka yake kwa shamba la Kyela, Tanzania

Kichawi Kill ni kuvu hai, si dawa ya kupulizia. Ni Fusarium oxysporum ya aina ya Foxy T14, iliyochaguliwa kwa ajili ya kiduha, gugu linalojishika kwenye mizizi ya mazao kama mahindi na mpunga na kuyanyonya, na kazi yake yote iko chini ya udongo: inakaa kwenye mizizi ya hindi na kukiua kiduha kinapojishika. Kiduha kikishatoa ua, hindi limekwisha nyonywa. Kung'oa wakati huo kunazuia mbegu za msimu ujao tu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi.

Kuvu humfikia mzalishaji wa kijijini ikiwa imekaushwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno. Kijiti kinatumbukizwa kwenye wali uliopoa, chombo kinafunikwa, na baada ya siku tatu chembe zimevaa utando mweupe. Mkulima anatia kiasi cha kubana kwa vidole kwenye kila shimo, pamoja na mbegu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni wali wenyewe. Ukiwa bokoboko, bakteria wanatangulia na unachacha; upikwe chembe ziachane. Ukiwa bado wa moto, kuvu inakufa. Ukiona kijani au cheusi, tupa wote, na usiwape kuku, maana kuvu wa sumukuvu nao hupenda wali. Mbolea ya kupandia itangulie na ifunikwe kwa udongo kidogo. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu isikorogwe na wali kwenye ndoo moja. Fukia papo hapo, jua lisiukaushe.

Hesabu nguvu kazi mapema. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Mmoja atie wali, mwingine mbegu, la sivyo mashimo yatarukwa, na shimo lililorukwa halina kinga.

Matokeo yake ni ya kutia moyo kweli. Kwa wakulima 500 wa Kenya magharibi mwaka 2014, mavuno ya mahindi yalipanda kwa asilimia 56 hivi msimu wa mvua ndefu na 42 msimu wa mvua fupi. Lakini kiduha cha huko ni Striga hermonthica, chenye ua la zambarau. Cha Kyela ni Striga asiatica, chenye ua jekundu. Kuvu za kundi hili zimeonyesha kukidhuru pia, ila anza na mistari michache ya mahindi, na mistari isiyotiwa kando yake ya kulinganisha. Mpunga wa mlimani unaopandwa kwa mashimo unaweza kujaribiwa vivyo hivyo. Wa kumwaga, hapana: hakuna shimo la kuweka wali. Huko marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, bado ni msaada mzuri. Na mbosyo wa mabondeni, gugu jingine linalonyonya mizizi ya mpunga, si kiduha, kwa hiyo usiinunue kwa ajili yake.

Bidhaa hii imesajiliwa Kenya. Kabla ya kuvusha hata kifurushi kimoja, nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, uulizie kibali. Kiumbe hai hakiingizwi nchini kama mzigo wa kawaida.