Saa yangu ya Uswisi nzuri sana, ila huduma yao imenitia hasira mpaka leo

Saa yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wenye kampuni, na hasa dada mmoja wa kaunta ambaye nikimkumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Jina la kampuni siweki. Ni hizi za bei mbaya za Uswisi zinazojisifu kwamba mashine ya saa wanaitengeneza wenyewe kiwandani kwao, hawanunui kwa mtu. Mimi naishi hukuhuku Uswisi na hicho ndo kilichonivuta, maana kabla ya kununua nilipata bahati ya kutembezwa kiwandani kwao kule Vallée de Joux, bonde la milima ya Jura ambako kazi ya saa ni ya tangu mababu, na niliyoyaona kule siwezi kuyakana hata nikiwa na hasira vipi. Fimbo ya shaba inaingia kwenye mashine huku, kule vinatoka vigurudumu ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Chumba cha pili wako akina mama wameinama wanang'arisha kingo za vipande kwa kijiti cha mti wa gentian, kwa mkono, tena vipande vingine saa ikishafungwa hakuna atakayeviona tena mpaka siku fundi afungue. Nilisimama pale nikasema hela yangu inaenda hapa.

Mwaka juzi huko ikaanza kuchelewa, kisha ikawa inasimama usiku hata kama nimeshinda nimeivaa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa wa mtaani kwetu, fundi aliyesomea kazi yake, akaifungua mbele yangu akanionyesha kigurudumu kimoja cha kuijaza saa ukiwa umeivaa, kimelika meno. Kazi ndogo. Lakini akafunga kifuniko akaniambia spea hiyo hapati, ingekuwa ETA 2824, ile mashine iliyomo kwenye saa za kampuni chungu nzima, angeitafuta kwenye droo zake na jioni ningeondoka nayo, ila hii ni ya kwao peke yao na fundi wa nje hawamuuzii.

Basi nikaenda dukani kwao. Yule dada salamu yangu hakuitika, kaishika saa kwa vidole viwili, kaigeuza, swali la kwanza: "Umeipata wapi?" Mteja aliyenitangulia, mzungu mmoja mtu mzima, aliitwa bwana na kahawa akaletewa! Mimi nikatoa risiti, nikatoa kadi ya dhamana, kasoma namba, karudia, kamuita mwenzake naye asome, mimi nimesimama tu watu wananiangalia kama mwizi. Halafu ndo naambiwa kubadilisha kigurudumu kimoja hawafanyi, ni sevisi nzima au nichukue saa yangu, na bei yake ukiigeuza shilingi unapata bodaboda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hiyo "kila kitu chetu" yenyewe ina mipaka. Ile springi nyembamba inayolipumulisha gurudumu linaloyumba kushoto kulia, ambayo ndo roho ya saa, kampuni nyingi hata za bei kubwa zinachukua kwa Nivarox, kampuni ya springi hizo iliyo chini ya Swatch Group, lile kundi kubwa la kampuni za saa za Uswisi, na wanaojitengenezea yao kama Rolex ni wachache. Kuandika Swiss Made kuna sheria, tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza iwe ya Uswisi, lakini hilo la kujitengenezea mashine kila mmoja anajipimia mwenyewe.

Na historia wanaijua. Mwaka 2002 Swatch Group walipotangaza kwamba ETA, kiwanda chao cha mashine za saa, itapunguza kuwauzia wengine mashine zisizounganishwa, kampuni zikapata kiwewe, nyingi ndo zikakazana kujijengea za kwao. Yani uchungu wa kunyimwa wanaufahamu kabisa, halafu leo wao ndo wanamnyima mzee wa watu kigurudumu! Heshima ya kazi hii wameijenga mafundi. Pale kampuni ya saa ya Zenith, mji wa Le Locle, mwaka 1975 wakubwa waliamuru vifaa vya kutengenezea El Primero, mashine ya saa ya kwao wenyewe, vitupwe, fundi Charles Vermot akavipandisha darini kimyakimya akavificha, na miaka ya 80 uzalishaji ulivyorudi ulirudi kwa sababu yake. Watu kama hao ndo wa kujivunia.

Saa ilirudi baada ya miezi. Inatembea safi mno, kwa siku haipotezi hata sekunde tatu, na hapo ndo nachanganyikiwa, maana niliapa nikiipata tu naiuza na sasa kila asubuhi naivaa. Lakini kununua nyingine kwao, hapana. Au labda, siku wakikubali kuwauzia spea mafundi wa nje. Wewe unayetaka kununua waulize hilo kabla hujatoa hela, na wakupe jibu kwa maandishi, wakizungukazunguka ondoka, katafute yenye mashine ya ETA ndani, au ya Sellita, nao wanaouzia kampuni nyingine mashine, ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuishika.