Soba aliyokaa mdogo wangu Kigamboni, maoni yangu

Jamani naandika hii kwa wenye ndugu anayetumia meth, ile dawa ya kulevya, maana najua mnavyohangaika. Mdogo wangu tulimpeleka soba moja, yaani nyumba ya kusaidia watu kuacha dawa za kulevya, huku Kigamboni, alikuwa halali usingizi, hali chakula, meno yameoza, kila saa anachungulia dirishani eti kuna watu wanamfuatilia. Mwanzoni pale soba alilala tu na kula, akiamka anakula tena, halafu akawa mnyonge kabisa hata kuongea hataki, na hapo ndo wale jamaa nawapa maua yao, usiku kucha kuna mtu anakaa naye. Wasimamizi wengi wametokea huko huko kwenye kutumia kwa hiyo huwadanganyi. Na walituambia ukweli, methadone, dawa inayotolewa hospitali ya Muhimbili tangu 2011 ni ya watu wa heroini, meth haina dawa kama hiyo, kazi kubwa ni ushauri nasaha, vikundi na familia kushiriki. Kasoro sasa, vyumba vimebanana, na daktari wa akili anakuja mara chache mno, hilo linaniuma sana maana anayesikia sauti anamhitaji haraka. Ada wanapokea kidogo kidogo. Mpelekeni ndugu yenu, ila ulizeni kwanza daktari anakuja siku gani.