TAHADHARI: Anayeuza vifaranga wa Silkie mtandaoni, kaniuzia madume ya layers (kuku wa mayai)

Jamani naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Laki moja na themanini yangu imeenda, na aliyeniibia bado yupo hewani anapost picha kila siku.

Tangu kitindamimba wangu adonolewe chini ya jicho na kuku wangu wa aina ya kuchi, wale wagomvi, nilisema kwangu haingii tena kuku mkorofi. Nikashauriwa Silkie, wale kuku wadogo wenye manyoya laini kama pamba, na ushauri ulikuwa sahihi kabisa, Silkie ni mpole, anakubali kubebwa na mtoto, hapai kwenda kwa jirani, anahatamia hata mayai ya wenzie. Brahma, aina nyingine ya kuku, naye mpole ila ni mkubwa, chakula chake sikiwezi.

Basi nikampata huyu kaka. Jinsi alivyoongea! Shikamoo mama, mama angu hao usiwaweke kwenye baridi, mama angu bruda (sehemu ya kuwapa joto vifaranga) iwashe masaa mawili kabla hawajafika. Akasema ugonjwa wa mahepe ameshawachanja, wa kideri nichanje mwenyewe siku ya saba. Mtu anayekufundisha hivyo utamwitaje tapeli? Mimi nimefuga kuku miaka sita, nilimsikiliza nikaona huyu anajua kazi, na kweli anajua, ndio maana anaibia watu vizuri. Vifaranga 15, elfu kumi na mbili kila mmoja. Natuma hela linatokea jina la mwanamke, namuuliza, ananiambia hiyo laini ya mke wangu mama, usiwe na wasiwasi. Nikabonyeza namba ya siri. Hapo ndipo nilipoliwa, nakumbuka hadi nilikuwa nimesimama wapi, jikoni, wali uko motoni.

Boksi likaja na basi, nikalifuata stendi Mbezi saa tano usiku na mtoto kagoma kulala mpaka aone kuku wake. Nikatoboa boksi nikamulika kwa tochi ya simu, naona weupe wenye unjano, wanalia vizuri, wamechangamka, nikashukuru Mungu. Giza lile ningeona nini.

Asubuhi mtoto kamshika mmoja kifuani ananiita, mama mbona huyu ana vidole vinne? Maana nilishamwambia Silkie ana vidole vitano. Nikachukua wa pili, vinne. Wa tatu, vinne. Nikapuliza manyoya tumboni nione ngozi, ngozi ya waridi! Silkie ngozi yake nyeusi, hata mfupa mweusi. Nilikaa chini pale pale kwenye maranda.

Ni madume ya layers hao. Layers wa kahawia wakitotolewa majike yanatoka kahawia, madume yanatoka meupe ya njano, wanachambuliwa siku hiyo hiyo na madume yanauzwa kwa bei ya kutupa. Huyu anayaokota huko anatuuzia sisi elfu kumi na mbili. Nampigia anapokea, ananiambia mama subiri wakikua kidole kitatokea. Kidole kitatokea!! Kisha akanibloku.

Huyu mtu afungwe. Sitaki anirudishie hela tu, nataka akae ndani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike kwa watu kama hawa wanaochezea hela za watu na moyo wa mtoto. RB ya polisi ninayo na namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na wewe kama alikula hela yako nenda kituoni, usione aibu, tukiwa wengi watamfuata.

Mnaonunua ombeni video ya miguu ya kifaranga kabla ya kutuma hela, video siyo picha, mimi niliomba akasema simu yake kamera mbovu nikamwelewa. Na jina likiwa si lake acha.

Picha anayotumia ni jogoo mweupe kasimama juu ya ndoo ya bluu iliyopinduliwa. Ukitumiwa hiyo ndiye huyo, usitume hata mia.