Uzoefu wangu na kikundi cha kuazimana vitabu, Ngamiani

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa mwanachama wa kikundi cha kuazimana vitabu hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Mchango ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana barazani kwa mmoja wetu baada ya alasiri.

Nilijiunga kwa kuwa nilichoka kusoma peke yangu vitabu vya fikra, nikijiuliza na kujijibu, na kila mara nikikubaliana na nafsi yangu.

Kitabu cha kwanza nilichoazima kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mkoani kwetu. Nakala ilikuwa kuukuu, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Pale Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha sheria, anapoanza kujitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kisha wakafungwa waliporudi, mtu alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "Na mfalme asingesikiliza?" (Penseli inaruhusiwa, wino hapana.) Swali lile lilinikosesha raha siku tatu, kwa maana siku zote nilikuwa nikiisoma kesi ile kama ushindi wa hoja, bila kuona kwamba hoja yenyewe ilitegemea sikio la mtu mmoja. Hatimaye niliandika chini yake kwamba hoja ya haki hubaki ya haki hata ikikosa wa kuisikia.

Mwenye mwandiko ule alikuwa mwalimu mstaafu. Nilipomwamkia na kujitambulisha alicheka, akaniambia, "Mwanangu, haki ingebaki, na wale sita nao wangebaki gerezani." Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na sijakubali kushindwa.

Kasoro zipo. Vitabu vya namna hii kwa Kiswahili ni vichache kikundini. Nagona ya Kezilahabi niliisubiri miezi mitatu. Kitabu changu kimoja kilirudi kimelowa, na hakuna aliyekiri, ingawa nililipwa kutoka kwenye mfuko wa kikundi na tangu hapo kila anayeazima hutia saini daftarini.

Mwezi huu nimeiazima tena Kusadikika, kwani nimeambiwa kwamba chini ya maneno yangu umeongezeka mwandiko wa tatu.